Uzi maalumu: Kujitolea hospitali ya kijijini kukoje? Njooni mjue kabla hamjapanda basi

TabibuBondeni:
Wakuu salaam.

Kila majina ya ajira za afya yakitoka na sisi hatumo, humu watu wanaanza kuulizana "nikajitolee wapi mkono usije ukalala". Halafu kuna kundi la pili, wale wa nje wanaotaka kuja wiki tatu kusaidia, nao wanajaza inboksi. Nimeona niwajibu wote hapa maana kujibu mmoja mmoja bando haliruhusu.

Mimi ni kliniko ofisa, diploma, usajili ninao, ajira sina. Najitolea hospitali moja ya misheni huku bonde la Ziwa Rukwa, jina silitaji na msilitafute. Netwaki huku inashika ukisimama karibu na tenki la maji kwahiyo nikipotea jueni nipo zamu au mvua inanyesha.

Siku inaanza saa moja na nusu, ripoti ya asubuhi. Nesi wa usiku anasoma kitabu: waliolazwa, waliojifungua, waliofariki, nani kaenda rufaa, dawa gani imeisha. Hapo ndo utajua hospitali yako inaendaje, sio kwenye ile mipango iliyobandikwa ukutani. Daktari tunaye mmoja, ndiye mganga mfawidhi, ndiye anayepasua, ndiye anayesaini hundi na ndiye anayeitwa halmashauri kwenye vikao. Akienda kikao sisi ndo tunabaki, mimi na mwenzangu mmoja na manesi, na upasuaji wa dharura ukitokea siku hiyo ni kupiga simu na kusukuma gari.

Baada ya ripoti ni roundi. Nyie mliosoma mjini mtashangaa kitu kimoja, mtu muhimu kwenye roundi sio wewe na koti lako, ni mhudumu wa wodi, yule mama anayepiga deki. Anaongea Kifipa, Kisukuma na Kiswahili, na wagonjwa wanamwambia mambo ambayo wewe hutaambiwa. Unamuuliza mgonjwa "umekunywa dawa za kienyeji?" anasema hapana daktari, mhudumu anamgeukia anaongea naye maneno mawili matatu, wanacheka kidogo, kisha anakwambia kanywa tangu juzi na chupa iko chini ya kitanda. Ukija huku ukamdharau huyo mama umekwisha.

Naendelea jioni, nipo OPD (wagonjwa wa nje) sasahivi na foleni imefika mwembeni.

MzeeWaKibaoni:
Siti ya mbele hapa. Mkuu usituachie njiani kama wale wengine.

DaktariMtaani:
Ngoja nikusikilize kwanza, ila mimi msimamo wangu unajulikana. Neno kujitolea siku hizi limekuwa jina la kazi ya bure. Ntarudi.

TabibuBondeni:
Nimerudi. DaktariMtaani hoja yako ninayo, tutafika.

Wodi ya watoto. Mvua zikishachanganya kitanda kimoja wanalala wawili na mama zao chini kwenye mikeka. Mtoto analetwa na degedege, kipimo cha malaria kinatoa mistari miwili hata kabla ya muda wake. Dawa ni sindano ya artesunate, na dawa yenyewe mara nyingi ipo, nisiseme uongo. Ni unga, unaweka kwanza kale kachupa ka bikaboneti unatikisa mpaka iwe maji safi kabisa, ndo unaongeza salaini, unapiga kwa uzito. Chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, kilo 20 kwenda juu ni 2.4. Unapiga akifika, baada ya masaa 12, na baada ya masaa 24, akishaweza kumeza unampa mseto. Ukishachanganya usiweke dirishani ukasema ntamalizia jioni, saa moja ikipita unamwaga. Wakongwe wa hapa waliokaa na kwinini wanaisifia sana hii, kwinini ilikuwa dripu ya masaa manne na huku unaviziana na sukari ya mtoto isishuke. Na sio sifa za mdomoni, ule utafiti mkubwa wa watoto wa Afrika uliotoka 2010 ulionyesha vifo vinapungua kwa asilimia 22.5 ukilinganisha na hiyo kwinini.

Sasa shida inakuwa wapi? Mizani. Dozi inataka kilo na mizani ya watoto betri imekufa tangu Ijumaa. Unamsimamisha mama na mtoto wake kwenye mizani ya watu wazima, unasoma, unampokonya mtoto, unasoma tena, unatoa. Mama akitingishika mshale unacheza kilo nzima. Kwahiyo unarudia mpaka mama anaanza kukuangalia kama vile hujui kazi.

Na oksijeni. Tuna mashine moja ya kuzalisha, ina kigawanyio, watoto wanne wanapumua kwenye mashine moja. Umeme ukikatika jenereta inataka dizeli, dizeli iko stoo, funguo za stoo anazo mhasibu, mhasibu anaishi ng'ambo ya mto. Huo ndo mnyororo wa huduma ambao hatukufundishwa chuo. Siku hizi tumeshinda, dumu moja linakaa chini ya meza ya nesi wa zamu na kuna daftari la kusaini. Kulipata hilo dumu kulichukua vikao kuliko kupata dawa.

binti_mkunga:
Hahaha funguo za mhasibu 😂 kumbe ni nchi nzima. Mimi ni muuguzi mkunga najitolea upande wa Kigoma, naomba nichangie leba maana matabibu huwa mnapita tu.

Zamu ya usiku huku mkunga ni mmoja na mhudumu mmoja. Wanaweza kuja wajawazito watatu kwa mpigo, mmoja kaletwa na bodaboda katikati ya dereva na mama mkwe, mwingine tayari kanyweshwa dawa ya kuongeza uchungu nyumbani, na hiyo ndo inayoniogopesha kuliko zote sababu kizazi kinaweza kupasuka wakati wewe unashukuru kwamba uchungu umekolea. Nikimpokea nikaona uchungu haupumziki na tumbo gumu muda wote simuulizi mbele ya mama mkwe. Namtoa mama mkwe akalete maji ya moto, ndo nauliza. Maji ya moto sina kazi nayo.

Halafu kuna kutokwa damu. Zamani tulikuwa tunakadiria kwa macho, unaangalia kanga zilizolowa unasema "kama mililita 300 hivi", na macho yanadanganya, karibu mara zote unakadiria pungufu. Sasahivi tunatandika lile shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa mistari, damu inateremkia humo unasoma. Ikifika 500 hakuna mjadala, unasugua kizazi, oksitosini ya kubana kizazi, tranexamic ya kuzuia damu, dripu, unakagua kama kachanika, vyote kwa pamoja sio kimoja baada ya kingine. Utafiti wake ulifanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu, majibu yalitoka 2023, hospitali zilizofanya hivyo matatizo makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Mimi nilikuwa mbishi wa tafiti ila hilo shuka nalitetea popote.

Tatizo letu ni kwamba mashuka yakiisha yanaisha, na oksitosini inataka ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8. Friji letu ni la chanjo, sasa dada wa chanjo hataki kuona kitu kingine mle ndani. Tuligombana mpaka tukaelewana kuhusu shelfu ya chini.

MamaJeni:
Mimi sio mtu wa afya, ni mzazi tu nimekaa wodini na mwanangu hospitali ya huko huko vijijini, nisingependa kuitaja. Nataka niulize jambo. Hawa wa kujitolea sisi tunawajuaje? Maana kuna kijana alikuwa anatuhudumia vizuri kuliko wote, usiku anaamka, anatuita "mama" kwa heshima, halafu siku ya kuruhusiwa ndo nasikia hana mshahara. Nilijisikia vibaya maana nilishamgombeza juu ya kuchelewa kwa damu.

Na hiyo damu ndo nataka muieleze. Mtoto anakata roho mnatuambia tukatafute ndugu wa kuchangia. Tukatafute wapi usiku?

TabibuBondeni:
Mama shikamoo, na pole sana. Hamwezi kutujua, sare ni ile ile na kitambulisho wengi hatuna. Na kugombezwa tumezoea mama, usiwe na wasiwasi.

Damu nikueleze vizuri maana watu wanadhani tunaifungia. Mtoto wa malaria kali anaweza kufika na damu gramu 3 au 4 wakati anatakiwa awe na 11 na kitu. Benki yetu ni friji moja, kwa wiki tukiletewa chupa chache kutoka mjini tunashukuru. Kwahiyo ndugu ndo benki. Lakini sio kila ndugu anafaa: kundi lioane, apimwe ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, na yeye mwenyewe awe na damu ya kutosha. Huku bondeni baba mtu naye anaweza kuwa na malaria. Unapima watu watano unapata mmoja, na saa zinakwenda, na huyo mmoja anaogopa sindano.

Tulichofanya, na hii wale wa hospitali ndogo igeni, tuna daftari lenye namba za walimu wa sekondari na vijana wa bodaboda wa kijiweni pale getini, makundi yao tunayajua na tunawapima kila baada ya muda. Usiku unampigia dereva wa kundi O, anakuja mwenyewe na usafiri wake. Vijana wa bodaboda watu wanawasema sana ila kwenye damu mimi siruhusu mtu awaseme mbele yangu.

DaktariMtaani:
Sasa nimerudi na nitakuwa mkali kidogo.

Wote mmeongea vizuri mno. Artesunate, mashuka, bodaboda. Lakini someni tena mlichoandika. Binti mkunga yuko peke yake usiku na wajawazito watatu, hana mshahara. Tabibu anabaki na hospitali nzima daktari akienda kikao, hana mshahara. Huyo sio mtu wa kujitolea, huyo ndo mtumishi. Kujitolea ni mtu ana kazi yake, anatoa muda wa ziada. Nyie mnaziba nafasi ambayo ikionekana wazi ingejazwa, na mkiendelea kuiziba hakuna atakayehangaika kuijaza. Mimi ni MD, daktari wa digrii, nilimaliza intaniship nikajitolea mahali, posho ilikuwa inatoka ikitoka. Siku nilipochomwa na sindano ya mgonjwa nikaambiwa "wewe sio mwajiriwa wetu, fomu ya ajali kazini hujazi". Nikaondoka. Nauza vifaa vya simu na sijutii.

binti_mkunga:
Kaka hapo kwenye sindano umenigusa, huku pia ilishamtokea mwenzetu. Ila nikiondoka mimi kesho usiku huo wajawazito wanabaki na mhudumu. Hilo ndo linanikalisha.

DaktariMtaani:
Na ndicho wanachokitegemea dada. Huruma yako wameiweka kwenye bajeti.

TabibuBondeni:
DaktariMtaani sitabishana na wewe kwa sababu sehemu kubwa nakubali. Mimi napata laki moja na nusu, mwezi ambao makusanyo yamekuwa mazuri. Mwezi mbaya nimepewa mchele na chumba. Chumba kina popo darini na sola ya kuchajia simu, lakini silipi kodi.

Ninachokataa ni kwamba jibu ni kuondoka tu. Jibu ni karatasi. Ukienda kujitolea usikubali maneno ya mdomo, omba barua. Iandikwe unaanza lini unaisha lini, zamu ngapi za usiku kwa wiki, nani anakusimamia kitaaluma na kama hayupo nani anapigiwa simu, chakula cha zamu, na hilo la sindano. Ukichomwa unatakiwa uanzishiwe dawa za kinga haraka iwezekanavyo na isizidi masaa 72, unakunywa siku 28, haijalishi wewe mwajiriwa au mpita njia. Na kabla hujagusa mgonjwa uwe na chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu: ya kwanza, baada ya mwezi, na miezi sita tangu ile ya kwanza. Hospitali ikikataa kuandika hayo, panda basi urudi, hapo nipo na wewe kabisa.

Mzee aliyeniuliza inboksi "je kujitolea kunasaidia kupata ajira": wanaosema inasaidia wapo, ila sitakudanganya kwamba ni tiketi. Mkono utakuwa mwepesi, hilo tu nakuhakikishia.

MzeeWaKibaoni:
Jamani tusigeuze uzi kuwa mgomo. Tabibu, uliahidi mambo ya huko bondeni. Nyoka vipi? Nasikia huko kuna vifutu wanalala barabarani.

TabibuBondeni:
Mzee nyoka ni habari ya kila msimu wa kilimo. Ngoja nikueleze moja.

Jioni analetwa kijana wa Kisukuma, mchungaji, kaumwa mguuni. Amefungwa kamba juu ya goti mpaka mguu umekuwa wa bluu, na juu ya jeraha kuna jiwe la nyoka limeganda pale. Jiwe hilo halinyonyi sumu yoyote ila usilitupe mbele ya ndugu, unaliondoa taratibu unamkabidhi mzee wao, la sivyo hawatakusikiliza tena. Kamba unailegeza ukiwa umeshaweka dripu. Mguu umevimba mpaka ngozi inang'aa, fizi zinavuja damu kidogo. Macho unaangalia kama kope zinalegea, maana zikilegea hiyo ni sumu ya mishipa ya fahamu na muda si mrefu utakuwa unampumulisha kwa ambu, ule mfuko wa kubonyeza kwa mkono. Kope zilikuwa sawa.

Maabara usiku haifanyi vipimo vya kuganda damu na hata mchana haifanyi. Kwahiyo tunatumia kile cha zamani: damu mililita 2 kwenye kibomba cha glasi, kikavu, kisafi, unakisimamisha mezani, hukigusi, dakika 20. Wote mnakaa mnakiangalia. Dakika 20 zikifika unakilaza mara moja. Damu ikibaki imeganda, vizuri. Ikimwagika kama maji, sumu imeshaharibu kuganda kwa damu na anahitaji dawa ya kuzuia sumu. Lazima kiwe cha glasi, cha plastiki kinadanganya, na kiwe hakijaoshwa kwa sabuni. Vibomba vyetu tunavificha kabatini kwa sababu kijana mmoja wa usafi alivisugua vyote vikang'aa, kwa moyo mmoja kabisa, vikawa havifai.

Cha yule kijana kilimwagika. Dawa ya kuzuia sumu hatuna, ni ghali, tunaambiwa mkoani ipo. Basi rufaa. Ule usafiri wa bure wa m-mama, ile namba 115, ni wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, mchungaji wa ng'ombe hayumo. Gari letu lina dereva halina mafuta. Baba yake akatoka nje, akapiga simu mbili, ng'ombe akauzwa kwa simu pale pale, hela ikaingia kwenye simu, tukajaza mafuta, wakapanda mlima wa Ufipa usiku ule kwenda Sumbawanga. WHO walishaweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika tangu 2017. Nikifikiria hilo neno "yaliyosahaulika" huwa natamani wangekuwepo pale getini wakati ng'ombe anauzwa.

MamaJeni:
Na kijana je?

TabibuBondeni:
Alirudi mama. Mguu ulipandikizwa ngozi, anachechemea, anachunga. Walituletea maziwa.

NesiWaHamburg:
Habari zenu ndugu zangu. Mimi Mtanzania nasomea uuguzi Ujerumani, mwaka wa mwisho. Wenzangu wawili wa Kijerumani wanataka tuje pamoja kujitolea mwezi mmoja hospitali ya kijijini. Nimesoma uzi wote nimeanza kusita. Je tunasaidia au tunasumbua? Msinifiche.

SisterMstaafu:
Mwanangu wa Hamburg, mimi nimestaafu, nimefanya kazi na wageni wa kujitolea tangu nikiwa nesi kijana kwenye hospitali za misheni. Nikuambie ukweli kama mama.

Wapo wa aina mbili. Wa kwanza anakuja na kamera. Siku ya pili tu ameshajipiga picha na mtoto wa watu aliye uchi, mama yake hajaulizwa. Anataka apewe kushona, apewe kuzalisha, vitu ambavyo kwao haruhusiwi kugusa maana hajamaliza shule. Huyo anatuchosha, nesi mmoja anasimamisha kazi yake amtafsirie.

Wa pili anakaa kimya wiki ya kwanza, anajifunza kusalimia, anauliza "mnafanyaje hapa na kwa nini". Kisha anaona kitu kimoja anachokijua vizuri, anafundisha hicho mpaka sisi tukakishika, akaondoka. Mimi kumsaidia mtoto apumue nilifundishwa hivyo. Mwanasesere wa plastiki, ambu, saa ya ukutani. Mtoto akizaliwa halii, unamfuta, unamsugua mgongo, bado? Unaanza kumpumulisha kabla dakika ya kwanza haijaisha, wanaiita dakika ya dhahabu. Zamani tulikuwa tunamning'iniza miguu juu na kumpiga makofi, Mungu atusamehe. Mafunzo yale yalijaribiwa kwenye hospitali 8 hapa Tanzania, yakachapishwa 2013, vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 vilishuka kwa asilimia 47. Lakini sikiliza, waliotufundisha wodini kwetu walikuwa manesi wenzetu waliofundishwa kwanza. Mgeni alifundisha wachache akakaa pembeni. Na kujifunza mara moja hakutoshi, tulikuwa tunafanya zoezi dakika chache kabla ya zamu, ukiacha mkono unasahau.

MzeeWaKibaoni:
Sister umemaliza. Ila wapo pia wageni waliokaa kabisa. Yule Mmarekani Tom Catena yuko Gidel kwenye Milima ya Nuba kule Sudan tangu 2008, mabomu yanadondoka na yeye anapasua tu.

SisterMstaafu:
Huyo sio wa mwezi mmoja baba. Huyo kaoa huko huko.

FundiVifaa:
Naomba na mimi niseme la kwangu, mimi ni fundi wa vifaa tiba, nazunguka hospitali za kanda hii. Dada wa Hamburg, mkija msibebe mashine. Narudia, msibebe mashine. Nina stoo imejaa. Kuna iliyotoka nchi ya volti 110 ikachomekwa kwenye 230 yetu, moshi. Kuna ya ultrasaundi nzuri sana, prob yake imekufa na mpya ni bei ya pikipiki. Kuna monita ambayo menyu zake ni lugha ambayo hakuna hata anayejua ni lugha gani. Kila moja ilipokelewa kwa ngoma na picha. Aliyeleta ameshasahau, mimi ndo nazifuta vumbi.

Kama lazima mlete kitu, ulizeni kwanza kwa fundi sio kwa mganga mfawidhi. Mganga atasema ndio kwa kila kitu, ni adabu.

NesiWaHamburg:
Fundi asante, nilikuwa karibu nichangishe hela ya mashine ya ECG, ya kupima moyo. Sasa wewe unataka nini?

FundiVifaa:
Vibanio vya kidoleni vya kupimia oksijeni, vya watoto wachanga, vile vya watu wazima vinachomoka. Mipira ya mashine za presha. Fyuzi. Betri za kuchaji na chaja yake. Hivyo vitu havina picha nzuri ila vinafanya kazi kesho yake.

TabibuBondeni:
Hamburg, njooni, ila mwezi mmoja ni mfupi, wiki mbili za kwanza mtakuwa mnajifunza choo kiko wapi. Wewe unajua Kiswahili ndo faida kubwa, usigeuzwe kuwa mkalimani wa wenzako muda wote, na wao waanze kujifunza leo. Vibali anzeni mapema: wauguzi ni Baraza la Uuguzi na Ukunga, madaktari ni Baraza la Madaktari Tanganyika, usajili wa muda, pamoja na kibali cha ukaazi daraja C. Viza ya utalii haikupi ruhusa ya kugusa mgonjwa. Ambaye hajamaliza masomo ataangalia na kusaidia, hatazalisha peke yake, hata kama mkunga amechoka na anakubembeleza.

Kingine, msije mkalala chumba cha hospitali bure. Wageni wanakuja wanalala nyumba ya wageni ya misheni, wanakula, wanapikiwa, na hospitali inaona aibu kuwadai. Lipeni. Hiyo hela yenu ya chumba kwa mwezi inaweza kuwa dizeli.

binti_mkunga:
Na taulo za kike mje nazo za kutosha, na viatu vya kufunika vidole, leba sio sehemu ya sandozi.

DaktariMtaani:
Tabibu nakuuliza kwa nia njema. Hiyo barua unayowaambia watu waombe, wewe unayo?

TabibuBondeni:
Ninayo. Ina tarehe, ina zamu, ina msimamizi, ina chakula cha usiku. Kipengele cha kuchomwa sindano kilikuwa hakimo, niliwaandikia kiongezwe. Mganga mfawidhi hana shida nacho, anasema kamati ya hospitali ikae ndo ikipitishe, na kamati inakaa mwisho wa mwezi.

DaktariMtaani:
Ipige picha ufute majina uiweke hapa. Nina vijana kama saba wamemaliza mwaka huu wananiuliza waandike nini, na mimi mwenyewe sikuwahi kuwa nayo.

TabibuBondeni:
Kesho nikitoka zamu. Hicho kipengele ntakiandika kwa kalamu pembeni ili wajue kilikuwa kinakosekana, kamati ikikikataa ntasema humu humu na sababu waliyotoa.